Sufuria Ilisema Epulu

Tulimzika wifi yangu Marta mwezi uliopita, na siku tatu za matanga nilizikaa sebuleni kwake hapa Bunia, kwenye kile kiti kirefu chenye vitambaa vya kufuma ambavyo alipokuwa hai hakumruhusu mtu kuvigusa. Tulivikalia sote. Siku ya tatu, wageni wa mbali walipokuwa wameanza kurudi kwao na wa karibu wameanza kula kwa hamu, vijana wa ukoo walijikusanya kwenye kona wakizungumza juu ya kuhama mji. Wanataka shamba, wanataka kuku na mbuzi, wanataka kula walicholima kwa mikono yao. Mmoja alikuwa anawaonyesha wenzake picha za udongo wa Mahagi kwenye simu, mwingine anabisha kwamba msituni ndiko kwenye mvua, na wote walisema kwa uhakika mkubwa wa watu wasiojua jembe linashikwa wapi. Nilicheka, na kwa kuwa kucheka matangani ni aibu, nikajifanya nakohoa. Maneno yao yalikuwa yale yale ambayo mume wangu Batisti aliyasema nilipokuwa na miaka ishirini na miwili. Batisti mwenyewe alikuwa amesinzia kwenye kiti cha pembeni, kofia magotini. Kijana wa simu akaniuliza sisi tulijuaje mahali pa kwenda. Nikamwambia hatukujua. Aliona ni jibu la mtu aliyechoka, akarudi kwenye picha zake. Basi nimekaa kumwandikia jibu refu.

Sitaanza na nani alimzaa nani. Anayetaka ukoo akaulize wajomba, wanao muda. Nitaanza na chumba. Mwaka ule tulikuwa tumepanga chumba kimoja upande wa Mudzi-Pela, kuta za udongo, bati lenye matundu mawili tuliyoyajua vizuri, na katikati pazia la kitambaa cha maua lililotenganisha kitanda na mahali Batisti alipopokelea marafiki zake. Nasema pazia kwa sababu elimu yangu yote ya mwaka ule niliipata nyuma yake. Batisti alikuwa fundi wa matofali. Jioni wenzake walikuja, nikawapa chai na mihogo ya kuchemsha, nikarudi nyuma ya pazia kuchambua maharage ya kesho huku nikisikiliza wanaume wakigawana jimbo zima la Ituri kwa midomo. Huyu anasema Mahagi, huyu anasema Mambasa, huyu anasema kule ambako shemeji yake alivuna mihogo minene kama paja la mtu. Hakuna aliyewahi kuniuliza, na sikutegemea kuulizwa, ila nilikuwa nasikia kila kitu, na mdomo wangu nyuma ya pazia ulikuwa unajibu bila sauti.

Mimi nilikuwa nauza maharage yaliyopikwa, sokoni, kila siku isipokuwa Jumapili. Wanawake wa kazi ile wanajua jambo moja ambalo watu wengi hawalijui: maharage hayapikwi na moto peke yake, yanapikwa na maji. Maharage yale yale, ya gunia moja, ukiyatia maji ya chemchemi nzuri yanalainika kabla jua halijawa kali; ukiyatia maji ya kisima kibaya, utaongeza kuni, utaongeza hasira, na mchana bado yatakuwa yanalia kwenye meno ya mteja. Maji ya kisima cha nyuma ya nyumba yetu yalikuwa ya aina hiyo ya pili. Kwa biashara yangu nilienda mbali kuchota. Kwa kunywa nyumbani, kwa uchovu, tulichota pale pale. Mtoto wetu wa kwanza, Debora, alikufa akiwa na miezi minane, kwa kuhara, kwa siku nne. Hakuna aliyeniambia ni kisima. Mimi nilijua, na kujua kule kunanila hadi leo. Ndiyo sababu nilitaka kuhama. Batisti alitaka udongo, na mimi nilitaka mahali ambapo mtoto akizaliwa atakaa.

Mwenye nyumba alitutangazia kwamba chumba atakihitaji mvua zitakapoanza. Ndipo Batisti akaenda kwa dada yake. Marta alikuwa mjane mwenye sauti nzito, aliyemlea Batisti tangu utoto, na ndiye aliyebaki na ng'ombe wa mwisho wa ukoo: mtamba mwekundu, mwenye mimba ya kwanza, aliyetunzwa kwa rafiki yake nje kidogo ya mji. Kwa watu wetu, wafugaji, kwenda kujenga mahali papya bila hata ng'ombe mmoja ni kwenda kupiga kambi tu. Marta alikubali kumtoa, lakini alimkalisha Batisti chini, na mimi nikiwa mlangoni na sinia la vikombe, nikasikia masharti.

"Hii ngombe nitaitoa mara moja tu," alisema. "Mukikosea fasi, ingine hakuna."

Alimwamuru aone mahali patatu kabla ya kuchagua: Mahagi, ambako Batisti alikuwa na rafiki, pembeni ya Epulu, ambako alikuwa anaota kwenda, na vilima vya njia ya Nyankunde, kwa sababu kule iko hospitali ya misheni na Marta alikuwa mtu wa kufikiria mambo hayo. Batisti akasema atakwenda na mimi ili nimpikie. Ni kweli, hilo ndilo neno lililoniingiza safarini. Nikafunga sufuria yangu kwenye kitenge, nikatia ndani maharage mekundu ya gunia moja, vipimo vitatu vilivyo sawa, kila kimoja kwenye mfuko wake.

Nisidanganye kwamba nilikuwa na mpango mkubwa. Nilitaka kujua maji, basi. Lakini niligundua mapema kwamba hakuna njia rahisi ya kuingia jikoni kwa mwanamke usiyemjua kuliko kufika na maharage yako mwenyewe na kuomba nafasi kwenye moto. Mgeni mwenye maswali hufungiwa mdomo. Mgeni anayechochea kuni huambiwa mambo yote ya nyumba hata yale asiyoyaomba. Wakati Batisti anatembezwa mashambani na wanaume, akifikicha udongo kwenye kiganja na kutikisa kichwa kama mjuzi, mimi nilikuwa nimeketi kwenye kigoda na kusikia mengine.

Mahagi tulifika juu ya lori, tumefunikwa turubai, na baridi ya asubuhi ile sijaisahau. Rafiki wa Batisti alikuwa mchuuzi aliyevusha nguo na sabuni kutoka Uganda kwa pikipiki. Nyumba yao ilikuwa safi, sakafu imepigwa vizuri, ukutani kalenda ya miaka mitatu nyuma ambayo waliiacha kwa uzuri wa picha. Walitupa uji wa mtama na viazi vyenye ngozi nyembamba. Watoto walikuwa wanene, nywele nyeusi zisizo na wekundu wa njaa, na nilitazama nywele na matumbo ya watoto kila mahali tulipokwenda. Lakini maharage yangu yalipikwa kwa mabua ya mahindi na magunzi, kwa sababu kuni hazikuwepo, yakaanza asubuhi na kufika mchana bado magumu. Wanawake walinicheka kwa upole, wakaniambia wao hutia maji ya majivu. Kila kilima kilikuwa kimelimwa hadi ukingoni, na kila kilicholimwa kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na wana wanne wa kugawia. Mama mwenye nyumba aliniambia bila kuzunguka, huku akinyonyesha: "Hapa kula iko. Fasi ndiyo hakuna." Nilimpenda kwa ukweli huo. Batisti naye alisikia hivyo hivyo kwa wanaume, na tulirudi Bunia tukiwa tumekubaliana, jambo ambalo mwaka ule halikutokea tena kwa muda mrefu.

Sasa Epulu. Hapa lazima niwe mkweli, maana kijana wa simu atakuja kunisoma. Epulu ilinishinda kwa uzuri. Tulifikia kijiji cha kando ya barabara kuu, kabla ya kituo cha hifadhi ya wanyama, kwa mtu aliyelima mpunga na ndizi, mkewe akiitwa Mama Zaina. Mto unasikika ukiwa jikoni. Mikungu ya ndizi iliyoning'inia nyuma ya nyumba ilikuwa minene hata sikuweza kuikumbatia. Walitupa wali mpya na samaki wa mtoni kwenye majani, na Batisti alikula kimya, macho yamelegea, nami nikajua amekwisha tekwa. Nikabandika sufuria motoni. Maharage yangu yakaiva upesi kuliko nilivyowahi kuona maishani mwangu. Nilikuwa bado nasimulia habari za Bunia, Mama Zaina akafunua kifuniko akasema yameiva, nikambishia, nikaonja, yakayeyuka. Batisti alipoingia na kuonja, alicheka hadi akashika mlango. Akawaambia wanaume wote kwamba bibi yake ni mtaalamu wa maji na kwamba sufuria yake imetoa hukumu. Alikuwa ameona pia uwanda mmoja mbele ya kijiji, mashamba ya zamani yaliyoachwa, majani mabichi hadi kiunoni, eneo ambalo shefu, mkuu wa kijiji, alisema linaruhusiwa kulimwa. Jioni ile ile, kabla ya kuniambia mimi, alimpa shefu neno lake.

Kesho yake nilitaka kumfanyia Mama Zaina jambo jema. Sakafu ya jiko lake ilikuwa imepasuka karibu na mafiga, nikamwomba mavi ya ng'ombe nichanganye na udongo niikandike, kama tufanyavyo kwetu. Alinitazama, akacheka kicheko kirefu. Aliniambia kijiji kizima hakina. Nikasema basi kijiji cha pili. Akasema hata cha pili, hata cha tatu. Nikakumbuka kwamba tangu tuingie msituni sikukanyaga kinyesi cha ng'ombe barabarani hata mara moja, na mtu wa kwetu hilo angeliona siku ya kwanza kama macho yake hayakujaa ndizi. Nikauliza kwa nini.

"Yenye ilikuja hapa ilikonda, ikalala, tukakula nyama yake," Mama Zaina alisema. "Ni ile nzi. Haipendi ngombe ikae." Akanionyesha nzi mmoja kwenye ukuta, mkubwa, wa kahawia, mabawa yamelaliana, yule waitwaye mbung'o. Akasema mbuzi huvumilia kidogo, kuku hakuna shida, na ndizi nimekwisha ziona mwenyewe. Hakuwa anatukataza kuja. Alikuwa anajibu swali.

Nilimwambia Batisti njiani, juu ya magunia ya mpunga, lori likirukaruka. Alisema nzi wako kila mahali. Alisema watu wa msitu hawajui ng'ombe na wanawaogopa. Alisema majani yote yale hayana mwenyewe na Mungu ametuwekea. Nikamwambia Mungu hawezi kuweka majani mengi hivyo bila sababu, akanigeuzia mgongo hadi Komanda. Nilikasirika, ndiyo, lakini zaidi niliogopa, kwa sababu wakati ule nilikuwa nimekwisha kujua jambo ambalo sikumwambia. Siku zangu zilikuwa hazijaja. Kwetu hutangazi mimba changa, unaiacha ikae, na mimi niliyemzika Debora nilikuwa nainyamazia hata moyoni mwangu.

Mahali pa tatu Batisti alikwenda kutimiza wajibu tu. Tulikodi pikipiki hadi Nyankunde na kupanda nayo kando kwa kijia, katikati ya kiangazi, vumbi na jua. Kilima kilikuwa chekundu, kimejaa mawe, majani yamekauka rangi ya mkeka. Batisti alikataa kushuka kwenye pikipiki. Alikaa pale pale nyuma ya dereva, mikono imekunjwa, akasema ameona, na dereva akamrudisha barabarani kunisubiri. Mimi nilishuka na sufuria yangu, nikamwendea mwanamke aliyekuwa anatwanga mbele ya nyumba ya kwanza. Aliitwa Mama Rebeka. Aliniongoza kwenye chemchemi chini ya mwamba, maji membamba lakini hayakatiki, baridi kiasi cha kuuma vidole, na kiangazi kilikuwa na wiki saba. "Hii maji haikaukake," alisema, kisha akaeleza kwamba wa bondeni wote hupanda kuja kuchota hapa mito yao ikikauka. Maharage yaliiva vizuri, si upesi kama ya Epulu, wala si polepole kama ya Mahagi. Nilihesabu watoto wake kwa macho: watano, wote weusi wa nywele. Wote walizaliwa kule hospitalini chini, aliniambia, mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu, na hata sisi tulisikia kengele ya misheni kutoka pale tulipoketi. Wakati tunaongea, ng'ombe saba wa jirani walipita wakikwaruza mawe kwa kwato, wembamba kidogo kwa kiangazi lakini macho maangavu. Nikaviokota vitu hivyo vyote kimoja kimoja na kuvitia moyoni. Niliporudi barabarani Batisti aliuliza kama nimemaliza.

Halafu ikaja Jumapili ya Marta. Nikitaka kueleza ukubwa wa jambo lile lazima mkumbuke mimi ni nani pale: mke kijana, miaka mitatu ndani ya ukoo, asiye na mtoto hai. Mke wa namna hiyo huleta chakula, hunawisha watu mikono, na hurudi jikoni. Marta alikuwa amepika sombe, majani ya mihogo, na samaki wa ziwani, na kwa kuwa ni siku kubwa kulikuwa na wali. Kwenye kiti kirefu walikaa Batisti na baba zake wadogo wawili. Nilikuwa namimina maji juu ya mikono ya wa pili niliposikia Batisti akisema kwamba amekwisha zungumza na dereva wa lori, na kwamba Alhamisi mtamba atapakiwa kwenda Epulu. Wazee wakasema ni vizuri. Marta akasema ni vizuri. Ilikuwa imekwisha, hivyo tu, kati ya kunawa na kula. Nilisimama na jagi mkononi, maji yakaendelea kumwagika kwenye beseni ingawa mikono ya mzee ilikuwa imekwisha ondoka, na nikasikia sauti yangu inasema hapana.

Mzee mmoja akaniuliza kama nimeita mtu. Nikasema nimesema hapana, ng'ombe asiende. Batisti uso ulimwiva. Sikumlaumu, hata leo simlaumu, nilikuwa namvua nguo mbele ya watu wake. Alijaribu kunifunga mdomo kwa kicheko, na alikuwa na silaha nzuri kweli, kwa maana nilimpa mwenyewe.

"Sufuria yako weye mwenyewe ilisema Epulu," alisema. "Sasa unataka nini?"

Ni kweli. Ningeweza kusema sufuria ilikosea, na nisingekuwa mtu wa kwanza kuisingizia sufuria. Lakini haikukosea. Maji ya Epulu yalikuwa mazuri kuliko yote.

"Sufuria ilisema maji," nilijibu. "Haikusema ngombe, haikusema mutoto. Miye niko na mimba, Yaya. Sitazika mutoto ingine."

Nilimwambia Marta, dada mkubwa tunayemwita Yaya, si Batisti. Baba wadogo walitazama sakafu, kwa sababu habari kama ile haisemwi mbele ya wanaume na sombe mezani. Marta akamgeukia ndugu yake kwa utulivu uliokuwa mbaya kuliko makelele. Alimwuliza aliona ng'ombe wangapi kule. Batisti akasema hakuona. Akamwuliza juu ya majani. Batisti, maskini, bado akafurahi kidogo kuyakumbuka, akasema mengi sana, hadi hapa, akaonyesha kiuno.

Marta aliweka kijiko chini. "Majani mingi, na hakuna mwenye kula," alisema. "Na weye, mutoto wa wafugaji, ukafurahi."

Nilimwona mzee wa pili akikaza midomo asicheke, na nikajua safari ya Alhamisi imekufa. Tangu siku ile nimefikiri mara nyingi juu ya kosa la Batisti, na sasa najua halikuwa la ujinga. Ni kosa la mtu aliyelelewa kupigania majani. Mfugaji wa kwetu, akiona malisho bila ng'ombe wa jirani, moyo unaruka kabla akili haijafika. Mkulima wa msitu asingekosea hivyo. Kosa lile ni la kwetu wenyewe, na ndiyo maana Marta alilitambua kwa maswali mawili.

Marta aliamua ni Nyankunde, lakini hakumpeleka mtamba kwa lori. Alisema atakwenda naye kwa miguu, na yeye mwenyewe, ili aone. Tulitembea siku mbili: Batisti mbele bila kusema neno, mtamba mwekundu katikati, Marta nyuma na mwavuli na viatu vya kanisani, na mimi pembeni na sufuria kichwani. Tulipofika kilimani, Marta alikataa kiti cha Mama Rebeka. Alimfungua mtamba kamba, akasimama kumtazama. Mnyama alinusa mawe, akanusa majani makavu, akaenda moja kwa moja chini ya mwamba kwenye unyevunyevu, akala, akanywa, akainua kichwa, akala tena. Marta alitazama kwa muda wa sala nzima. Kisha akachukua ile kamba, akampita ndugu yake, akaiweka mkononi mwangu. Nimepewa vitu vingi maishani, na bado sijapewa kingine kama kamba ile.

Shefu wa kilima alitupa kipande, lakini miezi iliyofuata haikuwa ya kuimba. Mchana tulitoa mawe. Asubuhi tulitoa mawe. Jembe la kwanza lilivunjika wiki ya kwanza, na mahindi ya mwanzo yaliungua kwa jua la katikati ya mvua mbili, yakasimama pale kama lawama. Batisti hakusema nilikuambia, alifanya vibaya zaidi, alinyamaza na kuchimba. Nililia nyuma ya nyumba mara mbili, mara zote mbili kwa sababu ya mahindi, na mara moja niliota wali wa Mama Zaina. Kisha Mama Rebeka aliita salongo, kazi ya pamoja, watu wa kilima wakaja kumi na sita, na kwa siku moja wakatujengea zizi zima kwa mawe yale yale tuliyoyalaani, ukuta hadi kifuani, haupitishi upepo. Nilipika sufuria mbili. Batisti alikuwa fundi, naye kumbe jiwe lina sheria zake kama tofali, na baada ya siku ile alianza kuyatazama mawe kwa heshima. Tukapanda tena: maharage, viazi vitamu, mihogo, migomba chini ya chemchemi. Mtamba akazaa ndama jike. Wiki tano baadaye nikashuka kwa miguu yangu mwenyewe hospitalini, asubuhi, na kabla ya mchana nilikuwa na mtoto wa kike mkononi, analia kwa hasira. Tulimwita Ester.

Katikati ya kiangazi Ester alikuwa na miezi minne, na siku moja asubuhi akaanza kuhara. Sitaficha hofu yangu. Nilimwona Debora, nilimsikia. Batisti aliniangalia usoni, akamtwaa mtoto, akamfunga mgongoni mwake kwa kitenge changu, mwanaume mzima, na kushuka kilima mbio huku mimi nikimfuata na chupa ya maji. Tulifika hospitalini umande haujakauka. Siku mbili baadaye tulipanda tena na Ester akivuta masikio ya baba yake. Tulipofika juu Batisti alisimama akageuka kutazama bati la hospitali chini, akalitazama sana.

Lazima niseme kwamba wakati wote huo Batisti alikuwa akiwaambia watu kwamba kilima alikichagua yeye. Kwa mafundi wenzake, kwa wapita njia, kwa wale wa bondeni waliokuja kuchota maji mito yao ilipokauka. Alikuwa akisimama juu ya mwamba na kueleza jinsi alivyoona chemchemi ile akajua. Nilikuwa nasikia nikiwa na kinu mbele yangu. Nilikuwa nacheka, na siku nyingine sikuwa nacheka.

Tulimbatiza Ester wiki ya mwisho ya kiangazi, mwaka mmoja kamili tangu kamba. Marta alikuja, baba wadogo wakaja, padri, shefu, Mama Rebeka na watu wote wa salongo. Chumba kilikuwa kidogo, tukatandika mikeka nje ya zizi. Nilileta maharage, viazi vitamu, matembele kwa karanga, ndizi za kuchemsha, kuku watatu, na maziwa kwenye kibuyu, na shefu, aliyekuwa mdadisi, akaanza kunyoosha kidole sahani moja moja akimwuliza Batisti alinunua wapi. Batisti alijibu: hapa. Hapa. Hapa. Ilipofika chumvi alisema Bunia, watu wakacheka. Basi mzee wa pili, akiwa na furaha ya shibe, akainua kikombe cha maziwa akampongeza Batisti kwa kuwa na jicho la kuona mahali kama hapa. Wote wakaitikia. Nilikuwa nimeinama nikimpakulia padri, nikangoja hadithi ya mwamba.

Batisti alisimama. Hakuwa na hadithi. Alimtazama dada yake kwanza, halafu akatazama mikeka yote.

"Miye nilichagua Epulu," alisema. "Hapa nilikataa hata kushuka kwa pikipiki. Ni bibi yangu alichagua, na nilimuchekea. Na mutoto iko muzima."

Alikaa chini upesi, kama mtu aliyeishiwa nguvu. Nyuma ya ukuta ng'ombe alisikika akitafuna. Marta akawa wa kwanza kugeuka, kisha baba wadogo, kisha shefu, hadi watu wote wa kilima walikuwa wananitazama mimi. Niliweka mwiko chini. Niliwaambia ndiyo, ni mimi.